Nafasi Kando ya Kyungu

Tarehe 5 Desemba 1961 mapigano yalizuka tena mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kati ya majeshi ya Umoja wa Mataifa na askari wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo. Hilo limeandikwa na pande zote, na hakuna anayelikana. Yanayofuata hapa hayana uthabiti huo. Mengi yametoka kinywani mwa mwanamke mmoja, na kwa sehemu kubwa ya maneno yake hakubaki mtu hai wa kuyathibitisha wala kuyapinga.

Mwanamke huyo anaitwa Jeanne Kabange. Anakaribia miaka sabini, anaishi Katuba, mtaa wa mji huohuo, na anapika munkoyo, kile kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi ambacho watu wa Katanga hukinywa mchana wa jua kali bila kulewa. Marehemu mumewe alifanya kazi ya reli, kama baba yake Jeanne. Binti yake, Princesse, ni mwalimu wa shule ya msingi na anaishi naye pamoja na watoto wake.

Jina lake lenyewe ni habari. Kwa Waluba wa kaskazini ya Katanga, majina ya mapacha hayachaguliwi: anayetangulia kuzaliwa ni Kyungu, anayefuata ni Kabange, awe wa kiume au wa kike. Mtu akisema anaitwa Kabange, msikilizaji wa kwao anajua papo hapo kwamba kuna mwingine. Naye Mama Kabange hakuwahi kuishi kama mtu mmoja. Akinunua kanga anachukua mbili, akimimina munkoyo wa kwanza wa siku anamimina vikombe viwili, na cha pili anakiweka juu ya kigoda kando yake. Jambo apewalo pacha mmoja hupewa na mwenzake, la sivyo mwenzake ananuna.

Katika mwaka wa 1961 Waluba waliohesabiwa kuwa wapinzani wa utengano walikimbia makwao mjini, makumi kwa maelfu, wakaingia katika kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa. Walijenga vibanda vya matawi, magunia na maboksi. Baba yake Kabange aliingia humo na mkewe na mapacha wao wa miaka sita. Maelezo ya kilichotokea Desemba ile niliyarekodi mara tatu, katika miaka tofauti, na hayakubadilika:

"Mvua ilikuwa imekatika. Mama akatutuma maji, sisi babili, juu mapasa hawatumiwi mumoja. Tulikuwa tunashikana mukono. Masasi ilikuwa inalia kila fasi: mbele, nyuma, huku ku reli, kule ku miti. Njo nikasikia mukono yake imekuwa muzito. Nikafikiri anacheza. Nikamuvuta: Kyungu, simama, maji itaisha."

Mara zote tatu aliulizwa nani alipiga. Mara zote tatu alijibu neno moja, sijui, kwa Kiswahili cha kwao: "Siyue." Mara ya tatu aliongeza kwamba wenye kusoma vitabu waulizane wao kwa wao.

Baba yake na wanaume wawili walimbeba mtoto ndani ya koti la mvua la reli. Walirudi na matope hadi magotini. Baba hakusema walimweka wapi, si siku ile wala baadaye, na alikufa mwaka 1983 bila kusema. Ila jioni ile wanawake wa kambi walikusanyika mbele ya kibanda chao, na hakuna aliyelia. Walipiga vigelegele na kuwatukana wazazi kwa nyimbo za mapacha, nyimbo zenye maneno ambayo siku nyingine hayatamkwi mbele ya wakwe. "Shamapasa mulafi!" walimwimbia baba wa mapacha. "Mutoto mumoja hakukutosha, ukala ya pili!" Na baba, kama inavyompasa baba wa mapacha, akacheka. Kabange anasema aliyaona meno yake.

Pacha haliliwi. Ukoo wao unaeleza hivi: ukimlilia mmoja, unamkata kutoka kwa mwenzake, anakuwa maiti kama maiti nyingine, na aliyebaki anabaki nusu ya kitu ambacho hakipo tena. Koo nyingine hueleza kwa maneno mengine, lakini katazo ni lilelile.

Familia ilipelekwa kaskazini kwa treni mwaka 1962, ikarudi mjini baada ya miaka mingi. Pale palipokuwa kambi pana nyumba, maduka na njia za lami.

Katika mwaka wa 2023 iliundwa kamati ya kusimamisha jiwe la kumbukumbu ya waliokufa kambini. Mwenyekiti alikuwa Maître Constantin, wakili mstaafu mwenye asili ya kaskazini, ambaye mama yake mzazi alizaa mtoto mfu ndani ya kambi ileile. Si mtu mwovu. Kwa miaka mingi alikuwa akisikia kila aina ya kanusho: kwamba kambi haikuwa kubwa hivyo, kwamba watu walikufa kwa homa tu, kwamba Waluba waliuana wenyewe. Alikuwa ameamua kwamba jiwe lake halitakuwa na jina hata moja lisiloweza kutetewa mbele ya hakimu.

Alifika kwa Mama Kabange siku ya Jumapili, baada ya misa, akiwa bado na tai.

"Mama Kabange, habari ya mwili?"

"Mwili uko, Maître. Ikala. Princesse, letea Maître kiti na makopo mbili."

"Moja inanitosha, Mama."

"Ya pili haina yako, ni ya mwenyewe."

Maître alicheka, kwa sababu alijua. Kisha akaeleza habari ya jiwe: litakuwa refu kuliko mtu, la granito, na majina yatachongwa, hayataandikwa kwa rangi.

"Na Kyungu iko ndani?" aliuliza Mama Kabange.

"Anaweza kuwa ndani. Mais kila jina inaomba ushuhuda. Alikufa wapi, mwaka gani, nani alimuua. Bila ile, bale ba upande ingine watasema ni uwongo."

"Nilishasema. Siyue nani alipiga."

"Mama, ulikuwa pale!"

"Nilikuwa pale, njo maana siyue. Kama nilikuwa mbali ningejua muzuri, sawa weye."

Princesse aliangua kicheko, akaziba mdomo. Maître hakukasirika. Alisema jiwe lina upande mmoja wenye kichwa cha maneno, na kichwa hicho kinataja waliouawa na askari wa utengano. Aliyeuawa na asiyejulikana hana upande wa kukaa. "Fikiri, Mama," alisema akiinuka. "Tuko wazee. Jiwe halitangojea."

Habari hizo hazikukaa ndani ya ua. Jirani wa Mama Kabange, ukuta kwa ukuta, ni Chisanga, mtu wa kusini ya mkoa, fundi wa radiyeta za malori yanayokwenda mpakani Kasumbalesa. Baba yake Chisanga alikuwa askari wa Katanga. Utengano ulipovunjwa alivuka mpaka na wenzake kwenda Angola, akarudi akiwa mzee asiyependa kuulizwa. Chisanga ni mmoja wa viongozi wa chama cha watoto wa askari hao, nacho kinadai kwamba baba zao wamegeuzwa majambazi katika vitabu na hawana hata ubao wa mbao wa kuwataja. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikunywa munkoyo kwa jirani yake, na mara nyingi kikombe cha kwenye kigoda ndicho alichokinyemelea.

"Kyungu hanywi," alikuwa akisema. "Mi namusaidia tu."

"Kunywa. Akikuota ndoto, usikuye kulia kwangu."

"Akikuya nitamuambia dada yake anaweka mizizi kidogo sana siku hizi."

Wiki ile alikuja, akakaa, wala hakunyemelea kikombe.

"Mapasa," alisema, akimwita pacha kama kawaida yake, "nasikia unapata jiwe. Papa yangu hana jiwe."

"Papa yako alikuwa na bunduki. Ndugu yangu alikuwa na ndoo."

"Sawa. Sikatai. Mais kama wanakulazimisha kusema, sema ilikuwa bale ba kofia ya buluu, ba Umoja wa Mataifa. Bale hawaishi Katuba. Hakuna jirani mwenye atakasirika."

"Na siku utakufa na malaria, niseme ni munkoyo yangu ilikuua, juu munkoyo haina ndugu?"

Chisanga alicheka mpaka akakohoa. Lakini alipoondoka alirudia neno lake langoni, na safari hii hakucheka: "Kofia ya buluu, Mapasa. Amani inabaki."

Hivyo ndivyo alivyowekwa katikati. Upande mmoja ulimtaka ataje muuaji mmoja, upande wa pili ulimtaka amtaje mwingine, na wote wawili walimpenda. Hapakuwa na upande uliomtaka aseme kile alichokijua, kwa kuwa alichokijua kilikuwa uzito wa mkono. Taifa linapotunga kumbukumbu ya vita vyake, maiti asiye na muuaji ni kama mgeni asiye na mwenyeji.

Hata hivyo alilitaka jiwe. Alilitaka kwa namna yake. Alikwenda na Princesse hadi kwa Mzee Djafari, mchonga mawe ya makaburi ambaye kamati ilikuwa imempa kazi. Babu zake Djafari walitoka Maniema. Ni Mwislamu mpole ambaye kwa miaka mingi amechonga misalaba mingi kuliko seremala yeyote wa kanisa.

"Karibu, Mama. Unaleta nani?" ndivyo anavyowauliza wateja wote.

"Ndugu yangu."

"Pole sana. Alituacha lini?"

"Mwaka ya sitini na moja."

Djafari aliweka patasi chini. Mama Kabange akaeleza haja yake. Kyungu hawezi kuandikwa peke yake. Tangu tumboni hakuwahi kuwa peke yake. Achongwe, na kando ya jina lake ibaki nafasi tupu ya upana uleule, ili siku yeye mwenyewe atakapofuata, Kabange aingie pale.

"Mama, wewe haukufia kambi. Maître hatakubali muntu wa kesho ku jiwe ya jana."

"Usichonge kitu. Acha tu fasi."

"Fasi ya bure ku jiwe ni sawa mulango wazi. Kila mupita njia ataingiza yake."

"Papa Djafari, una batoto?"

"Tisa."

"Ukizika mumoja, utamuzika bila kichwa?"

Djafari alitazama lile bamba la granito lililolala juu ya magogo. Alisema, kama Maître anakubali, yeye ataacha. Na Maître alipoulizwa alikubali, tena upesi, maana kwake nafasi ya sentimita chache ilikuwa kitu rahisi kukitoa. Alitoa na sharti lake. Mama Kabange angesimama jukwaani siku ya uzinduzi, mbele ya wageni wa Kinshasa, na kumtaja muuaji. Na asiimbe zile nyimbo. "Wale wageni hawajui mambo ya mapasa," alimweleza. "Wakiona mama anacheka na kutukana wazazi wake, watasema hapakukufa mtu."

Princesse ndiye aliyemaliza ubishi, na alimaliza kwa uchungu, si kwa hila. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia mama yake kwamba moyo wake umechoka.

"Mama, ukikufa, nani anamujua Kyungu? Miye sikumuona. Batoto yangu wanaona kopo ku kigoda, wanafikiri ni ya ba inzi. Sema tu. Bote wanasema."

"Ni uwongo."

"Unajua kama ni uwongo? Ulisema hauyue. Kama hauyue, basi inaweza kuwa kweli."

Siku tatu baadaye Mama Kabange alituma neno kwa Maître kwamba atasema.

Uzinduzi ulifanyika Desemba 2024. Kulikuwa na mahema meupe, bendi ya shaba, padri na mchungaji, na kikwembe, kitenge cha kumbukumbu, kilichogawiwa kwa kila shahidi. Mama Kabange aliomba viwili. Mgawaji akamwambia kwa sauti ya kusikika kwamba kila mtu ni kimoja, mama, wengine nao wanataka. Watu wa nyuma wakaguna wakidhani ni tamaa ya kizee. Alichukua kimoja, akakikunja, hakukivaa.

Maelezo yake ya jukwaani nayo yapo kwenye rekodi. Ni ya nne, na ni fupi kuliko zote. Alisema jina la ndugu yake. Alisema walikuwa wanashikana mkono. Kisha akasema: "Askari wa Katanga njo walimupiga." Baada ya maneno hayo upepo unasikika kwenye kipaza sauti, halafu kuna sauti ambayo wageni waliielewa mara moja na wakainamisha vichwa. Alikuwa analia.

Wazee wa kaskazini waliokaa mstari wa pili hawakuinamisha vichwa. Mmoja wao, Mama Seya, binti wa shangazi yake, alisimama na kupiga kelele: "Nyamaza, Kabange! Unamuua! Unamuua weye!" Na kwa kuwa kelele haikumnyamazisha, alianza kuimba. Aliimba tusi la baba wa mapacha, kwa sauti kavu ya mwanamke wa miaka themanini na kitu, akipiga makofi, na wengine wawili watatu wakaitikia haraka haraka kama watu wanaomwaga maji juu ya moto. Mtu wa itifaki aliwafuata akawaomba wakae chini. Hawakukaa. Wakatolewa nje ya hema kwa heshima, wakishikwa viwiko, wakiwa bado wanaimba. Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Bendera ikavutwa, na jiwe likaonekana, na jina la Kyungu likaonekana, na kando yake nafasi tupu.

Picha za jiwe zilienea kwenye simu kabla ya jioni. Ni nafasi ile iliyoonwa na watu kwanza. Mistari yote ilikuwa imejaa ila mmoja, na katika mji huu hakuna anayeamini kwamba kitu kimeachwa wazi bila sababu. Redio moja iliuliza ni jina gani limefutwa. Wengine walidai kamati inaiuza nafasi kwa tajiri. Chama cha watoto wa askari kilitoa tamko kwamba pale palikuwa na jina la askari wa Katanga aliyekufa akiwaokoa wakimbizi, na kwamba Waluba walilikwangua usiku wa kuamkia sherehe. Jina hilo lilitajwa, na baada ya siku chache yalikuwa yamekwisha kutajwa majina mengine mawili.

Maître Constantin angeweza kulimaliza kwa dakika moja ya maelezo. Aliitwa redioni, akahojiwa, akajibu kwamba ni suala la kiufundi la mpangilio. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Alivua miwani. Kueleza nafasi ile, alisema, kungekuwa kueleza kwamba Kyungu ni pacha. Na kueleza kwamba pacha haliliwi. Na mtu wa kwanza kusikia angeuliza kwa nini basi shahidi alilia, na kama machozi yale yaliombwa, ni nini kingine kiliombwa. Shahidi huyo ndiye aliyekuwa ameonyeshwa nchi nzima. Jiwe lilikuwa limeegemezwa juu yake.

Chisanga alikuja siku ya pili baada ya uzinduzi. Hakuingia. Alisimama langoni, mikono nyuma.

"Nilikunywa kopo ya ndugu yako miaka yote ile," alisema. "Na wewe unaambia inchi muzima kama papa yangu njo alimuua."

"Sikutaja papa yako."

"Ulitaja askari. Askari wa Katanga ni nani? Walitoka ku mwezi? Ni ba papa yetu. Batoto yangu walikuona ku simu. Mudogo ananiuliza: Papa, ba babu njo waliua ndugu ya Mama Mapasa?"

"Chisanga, siyue nani alimuua. Unajua kama siyue."

"Mi najua. Kasemee ile ku mikro."

Mama Kabange alijaribu. Alikwenda kwa Maître kwa miguu, kwa kuwa siku ile mvua ilikuwa imezuia teksi, akamwomba amrudishe redioni aseme kwamba hakuona. Princesse alikuwepo na ndiye aliyenisimulia. Maître alimpa kiti, akamfunika mabega kwa koti lake, akamkatalia. "Mama, ukirudi nyuma, hautaanguka peke yako. Watasema: kama huyu alidanganya, wote walidanganya. Majina yote yataanguka. Mtoto wa mama yangu pia." Mama Kabange aliuliza kama basi Kyungu atakaa juu ya uwongo milele. Maître alisema mawe mengi duniani yamekaa hivyo. Hakulisema kwa kejeli; Princesse anasema macho yake yalikuwa mekundu.

Majina yalianguka hata hivyo. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na waasi, upande wa mashariki wa nchi, na kwa siku nyingi hapakuwa na habari nyingine. Wanasiasa walihubiri umoja. Ikaonekana haifai, wakati taifa liko vitani, mji mkubwa wa madini kama Lubumbashi uwe unagombana juu ya vita vya babu. Amri ilitolewa kwa maneno ya upole: kichwa cha maneno kiondolewe, majina yaondolewe, libaki andiko moja ambalo kila raia anaweza kusimama mbele yake bila kuona aibu. Chama cha watoto wa askari kilishangilia kwa siku moja, mpaka kilipotambua kwamba andiko jipya haliwataji hata wao. Kamati ilipinga, ikaahidiwa mazungumzo, ikanyamaza.

Kazi alipewa Djafari, kwa kuwa ndiye aliyelijua jiwe. Kabla ya kuwasha mashine ya kusaga alituma mtu Katuba, Mama Kabange asije akasikia kwa watu wengine. Mama Kabange alikuja na Princesse. Walimkuta amejifunga kitambaa puani.

"Mama, naweza kuanza na mistari ingine. Ya Kyungu niache mwisho."

"Juu ya nini?"

"Ukae naye kidogo."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chini juu, akalitazama jina. Djafari aliniambia kwamba alingojea amwone akiweka mkono juu ya herufi, kama wafanyavyo wengi, lakini hakunyanyua mkono. Baada ya muda akamwambia: "Saga, Papa. Haina yeye, si Kyungu huyu."

"Haina yeye, namna gani? Ulisema mwenyewe mazina yake."

"Kyungu hakuwa mufu. Huyu ni mufu mwenye nililia. Siyue ni mutoto wa nani."

Djafari alisaga. Vumbi la granito lilikuwa jeupe, likakaa kwenye nywele zao wote watatu. Alipofika kwenye nafasi tupu alisita, kwa sababu hapakuwa na herufi ya kuondoa. Lakini ili uso wa jiwe uwe sawa ilibidi aipitishie mashine vilevile. Sasa jiwe lina maneno machache tu, KWA WAHANGA WOTE WA TAIFA, na wanafunzi hupelekwa kulitazama, na mwalimu akiulizwa wahanga gani husema wote.

Mama Kabange bado anauza munkoyo, ila kidogo, asubuhi tu. Chisanga hununua kwingine. Wanasalimiana barabarani kwa kichwa. Mama Seya alikuja mara moja na wanawake wa ukoo kutafuta njia ya kurekebisha. Wazee walishauriana, na hawakupata mtu aliyewahi kusikia kwamba pacha aliyeliliwa hurudishwa. Wateja wakimwita Kabange langoni haitiki hadi waite Jeanne. Princesse ameacha kulizungumza jambo hili na mtu yeyote, hata nami.

Rekodi nne zimehifadhiwa. Tatu zinasema "siyue", na zimesikilizwa na watu wachache mno kuhesabika kuwa hadhira. Ya nne ina jibu, ilirushwa hewani, na imenukuliwa tayari katika tasnifu mbili za chuo kikuu, moja ikiitumia kuthibitisha na nyingine ikiitumia kukanusha. Mwaka huu nilimwomba Mama Jeanne maelezo ya tano, ili yawekwe kando ya yale ya nne. Alisikiliza hadi mwisho, akakataa. Alisema amekwisha kusema mara nyingi kuliko alivyoona.

Haijulikani risasi ile ilitoka upande gani. Haijulikani Kyungu alizikwa wapi. Haijulikani pia, siku ile jukwaani, Mama Jeanne alimlilia nani. Nilimuuliza mara moja, akaniomba nizime mashine, na ilipozimwa akarudi kwenye munkoyo wake.